UZI: Kitanda cha serikali, uji wa nani? Hospitali na sadaka pwani zama za mkoloni

Daka_la_Mkomani (Lamu)

Asalaam aleikum jamaa. Zikitajwa hospitali za zamani huku kwetu, mazungumzo huishia pale pale. Mmoja atasema mkoloni ndiye aliyetuletea hospitali, mwingine atasema hakuleta chochote. Wote wawili wanaitaja hospitali kana kwamba ni kitu kimoja kilichotoka mfuko mmoja. Sivyo. Hospitali ni kiwanja, jengo, kitanda, dawa, mshahara wa dresa (msaidizi wa tiba), uji wa asubuhi, mtu wa kumgeuza mgonjwa usiku, mashua ya kumleta, na sanda akifa. Ulizia kimoja kimoja kililipwa na nani, ndipo habari yenyewe itakapoanza kujitokeza.

Mwingereza alitangaza himaya yake hapa mwaka 1895. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulibaki kwa jina la Sultani wa Zanzibar, naye Mwingereza akimlipa kodi. Matibabu ya serikali yalianza kwa watu ambao serikali iliwahitaji: maafisa, askari, wafungwa, wapagazi na vibarua. Raia wa mjini au mkulima wa shamba alifikiriwa baadaye sana, na kwa sehemu kubwa ni baada ya Vita Kuu ya Kwanza ndipo idara ya tiba ilipoanza kumtazama mwananchi wa kawaida. Hata hapo, wodi ziligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, "wenyeji" kwao. Hospitali kuu ya Nairobi ya leo ilianza 1901 ikiwa hospitali ya wenyeji yenye vitanda 40, ikapewa jina la King George VI mwaka 1952, na baada ya uhuru ikaitwa Kenyatta.

Huku pwani mgawanyo huo ulileta shida ya peke yake. Nani Mwarabu, nani Mswahili, nani "mwenyeji"? Jibu la karani lilibeba kodi, na lilibeba pia mlango utakaopita ukiugua.

Nauweka uzi huu tuchambue mfuko kwa mfuko. Mwenye kukosoa akosoe kwa hoja.

Malindi_ya_Mnarani

Waaleikum salaam shekhe. Kama ni ukoloni, usianzie 1895. Anzia hapa Malindi.

Vasco da Gama alipotoka India alivuka bahari kinyume cha upepo. Alichukua karibu miezi mitatu, toka mwanzo wa Oktoba 1498 hadi mwanzo wa Januari 1499, kwa sababu hakungoja kaskazi itulie kama angefanya nahodha yeyote wa huku. Kiseyeye, maradhi ya kukosa matunda na mboga, kikawala mabaharia: ufizi umevimba hadi kufunika meno, miguu imejaa, mtu hawezi kutafuna. Wakafa kama 30 katika kivuko hicho peke yake, na kila jahazi likabaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kushika kazi. Tarehe 7 Januari walitia nanga Malindi. Kitu cha kwanza kilichoombewa wagonjwa kilikuwa machungwa, na mfalme wa Malindi akawapa. Wengine walikuwa wamekwisha kupita kiasi, wakafa hapa hapa. Siku chache baadaye ilibidi wachome moto jahazi moja, la São Rafael, maana hapakuwa na watu wa kuliendesha.

Kwa hiyo, kwa kufuata hesabu yako ya mifuko, huduma ya kwanza ya tiba tunayoweza kuitaja kati ya Wareno na pwani hii ilitoka mfuko wa Malindi.

Mwaka huo huo wa 1498 malkia Leonor alianzisha mjini Lisbon jumuiya ya sadaka iitwayo Misericórdia. Kazi zake zilihesabiwa 14: kulisha mwenye njaa, kumvika aliye uchi, kuzuru mgonjwa, kukomboa mateka, kuzika maiti na nyinginezo. Popote Mreno alipoweka ngome na kanisa, jumuiya hiyo ilifuata. Kule Goa, makao ya Wareno India, utaratibu ulikuwa wazi: Hospitali ya Mfalme ilikuwa ya askari na mabaharia wa Kizungu, na kutoka 1591 ikaendeshwa na mapadri Wajesuiti, mzalendo maskini alipelekwa kwenye hospitali ya Misericórdia. Mfaransa mmoja, Pyrard, aliyelazwa ile ya mfalme mwaka 1608, aliisifu kupita kiasi. Lakini aliyoisifu ilikuwa ya watu wa namna yake.

Bint_Langoni

Ahsante. Hiyo Misericórdia ilipata wapi fedha? Na ilikuwaje ikadhoofika? Maana sisi wakfu wetu nao umedhoofika, nataka kujua kama ugonjwa ni mmoja.

Malindi_ya_Mnarani

Dada, ilipata kwa wasia. Mreno akifia mashariki, jumuiya ndiyo iliyosimamia mirathi yake na kuipeleka kwa warithi Ureno, na wengi waliiachia fungu. Ikawa na fedha taslimu nyingi. Fedha taslimu hutamanisha: ilikopeshwa kwa riba, na mkopaji mkubwa akawa serikali yenyewe, hasa wakati wa vita. Serikali ikikopa na isilipe, huna mahakama ya kuipeleka. Hapo ndipo hospitali inapokosa mafuta ya taa na mchele, ingawa daftari linasema ni tajiri.

Mutawali_wa_Shela

Basi ugonjwa si mmoja, Bint Langoni. Wakfu haukopeshi mali yake, unaifunga. Hufa kwa njia nyingine.

Wakfu una nguzo nne: mwenye kuweka, mali yenyewe, wanaonufaika, na tamko. Juu yake husimama msimamizi, mutawali. Mali iwe ya kudumu na yenye mazao: nyumba, duka, shamba la minazi, kisima. Pato likipatikana hutumika kwa mpangilio. Kwanza matengenezo ya mali yenyewe. Pili haki ya msimamizi. Tatu ndiyo wanufaika, nao kwa kawaida ni msikiti, mafuta ya taa, maji, futari, wageni, sanda za maskini.

Angalia hiyo ya kwanza, maana ndipo panapoharibika. Nyumba ya Lamu ni mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Dari likipata ufa na chokaa ya juu isirudishwe kabla ya masika, maji huingia kwenye kichwa cha boriti pale inapolala ndani ya ukuta. Huwezi kuona kwa chini. Boriti huoza kichwa huku mwili ukionekana mzima, halafu siku moja dari lote linashuka. Msimamizi anayegawa pato lote kwa wanufaika ili asifiwe ukarimu, bila kuweka fungu la chokaa, anaua wakfu kwa wema. Jambo la pili ni kodi: duka likipangishwa kwa mkataba mrefu kwa rupia chache, miaka 40 baadaye kodi ile hainunui hata kibaba cha mchele, na mpangaji hatoki.

Tena kuna pigo lililotoka mahakamani, watu wengi hawalijui. Wakfu uko wa aina mbili: wa kheri, unaokwenda kwa umma moja kwa moja, na wa jamaa, unaowanufaisha watoto na wajukuu kwanza na kuishia kwa mafakiri na masikini kizazi kikikatika. Mwaka 1894 baraza kuu la rufaa la London, katika kesi iliyotoka India, liliamua kwamba wakfu wa jamaa si sadaka ya kweli kwa kuwa maskini wako mbali mno mwisho wa mstari. Mwaka 1907 mahakama ya huku Afrika Mashariki ikafuata uamuzi ule. India walirekebisha kwa sheria mwaka 1913. Sisi tulingoja hadi sheria ya Makamishna wa Wakfu ya 1951.

Hesabu miaka hiyo. Mrithi aliyetaka kuuza alikuwa na njia ya kwenda mahakamani na kuutangua wakfu wa babu yake, nyumba ikagawanywa, ikauzwa. Kila wakfu wa jamaa uliotanguliwa ulikuwa bomba la kwenda kwa maskini lililokatwa kabla maji hayajafika. Nao ni wakati ule ule serikali ilipokuwa ikiandika katika ripoti zake kwamba watu wa pwani hawachangii matibabu yao.

Daka_la_Mkomani (Lamu)

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nifungue uzi. Shukrani ustadh.

Niongeze jambo moja lililo jirani nalo. Utumwa ulikomeshwa kisheria huku kwetu 1907. Kabla ya hapo, kwa sheria ya dini, bwana alilazimika kumlisha na kumtunza mtumwa wake akiugua au kuzeeka. Wapo waliotimiza na wapo waliokwepa, na hakuna anayepaswa kuupamba utumwa kwa sababu hiyo. Lakini ulipokwisha, mzee asiye na ukoo, miguu imejaa matende, alibaki hana bwana wala jamaa. Zanzibar, ambako utumwa ulikomeshwa 1897, masikini na wenye ukoma walikuja kutunzwa Walezo chini ya masista wa Kikatoliki, serikali ikichangia. Huku Lamu mtu wa namna hiyo alikwenda wapi? Alikwenda misikitini, na kwa sadaka ya Ijumaa.

Bint_Langoni

Tusiwasahau matajiri wa Kihindi, maana majengo mengine yamesimama mpaka leo.

Zanzibar, Tharia Topan, Khoja Ismaili, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887 wakati wa jubilii ya miaka 50 ya malkia Victoria. Alikusudia hospitali ya sadaka. Akafariki 1891 jengo halijaisha, likakamilika 1894, baadaye chini ikawa zahanati na juu nyumba za kukaa. Ndilo lile lenye roshani za mbao zilizonakshiwa mbele ya bahari, watu huliita Zahanati ya Kale. Bagamoyo na Dar es Salaam alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyetajirika kwa kuuzia misafara bidhaa na kuitafutia wapagazi. Alitoa shule Bagamoyo kwa sharti isibague dini, akatoa hospitali, akafariki 1897. Mwaka huo huo Wajerumani walifungua ile ya Ocean Road kwa Wazungu. Jina la Sewa Haji bado lipo kwenye jengo la wodi pale Muhimbili.

Ugumu wa sadaka ya namna hii: tajiri hutoa jengo, hatoi uendeshaji. Jengo ni gharama ya mara moja. Dawa, mishahara, mashuka na kuni ni gharama ya kila mwezi. Mtoaji akifa bila kuacha mali yenye pato, jengo huangukia mikononi mwa serikali, na serikali huligeuza matumizi. Wakfu wa ustadh hapo juu uko kinyume chake: una pato la kila mwezi, lakini mara chache ulikuwa na jengo la wagonjwa. Cairo waliunganisha viwili hivyo mwaka 1284, Sultani Qalawun alipojenga hospitali na kuifungia masoko na mali kwa wakfu, nayo ikatibu watu kwa karne nyingi. Pwani yetu havikukutana.

Nahodha_wa_Faza

Mmesahau mashua. Wenzetu wa bara hufikiri hospitali iko Lamu basi mgonjwa yuko hospitali.

Zama hizo mgonjwa wa Faza, Siyu au Kizingitini, kule kisiwani Pate, alipita mlango wa Mkanda, na Mkanda ulikuwa na kina kifupi. Chombo kikubwa kilipita maji yakijaa tu. Maji yakitoka, mlikwama kwenye tope la mikoko mkingoja yajae tena, saa sita hivi, na mwanamke ana uchungu chomboni. Kwa hiyo mgonjwa aliondoka kwa saa ya maji, hakuondoka kwa saa ya maradhi. Wa Kiunga ni mbali zaidi, na wakati wa kusi bahari ya nje haitaki mchezo.

Nani alilipa? Mwenye chombo hakutoza mgonjwa, au alichukua samaki. Hiyo haimo katika ripoti yoyote. Na mgonjwa hakuja peke yake, alikuja na watu wawili au watatu: mmoja wa kupika, mmoja wa kukesha, na mwanamume wa kwenda sokoni. Hao walilala wapi wiki tatu? Nyumba za jamaa, madaka (vibaraza vya mlangoni) ya watu, kando ya misikiti. Ukijumlisha chakula chao na malazi yao, nadhani mji uliibeba wodi kwa uzito sawa na serikali.

Chupa_na_Sindano

Niingie kwenye dawa, maana hapo serikali ilileta kitu cha kweli na haki isemwe. Lakini lazima tuseme pia kilivyokwama.

Zahanati ya zamani ilikuwa na dawa chache. Kwinini kwa homa: dozi ya mtu mzima greni 10, yaani kama miligramu 650, mara tatu kwa siku kwa siku saba. Masikio hulia, kichwa huzunguka, na mgonjwa akipata nafuu siku ya tatu huacha. Vidonge vilivyobaki huwekewa mtoto. Chumvi ya kuharishia kwa tumbo. Dawa za safura (minyoo), ambazo nyingine zilikuwa kali kiasi cha kudhuru ini zikizidi. Dawa za kupaka vidonda.

Iliyojenga jina la dresa ni sindano ya buba, maradhi ya vidonda vya ngozi. Miaka ya 1920 zilitumika dawa za namna mbili. Ya kwanza ni ya arseniki, ya kutia mshipani. Unga wake huja ndani ya kichupa kilichofungwa kwa moto. Ukikivunja lazima uyeyushe kwa maji safi yaliyochemshwa na kutoneshwa, uzungushe taratibu bila kutikisa kwa nguvu, utie saa ile ile, kwa sababu ikikaa kwenye hewa hubadilika kuwa sumu. Ikivuja nje ya mshipa, nyama ya mkono huoza. Ya pili ni ya bismuthi, ya kutia matakoni. Ni rahisi kwa bei, ndiyo maana ilitumika sana Kenya, lakini huuma siku kadhaa, na mgonjwa akitiwa nyingi hupata mstari wa bluu kwenye ufizi.

Ubovu wa mpango ulikuwa hapa: vidonda vya buba hukauka baada ya sindano moja au mbili. Mtu anamwona mwanawe ngozi imefunga, kwa nini apande mashua tena kwa ya tatu na ya nne? Hakurudi. Vimelea vikabaki, na buba ikarudi miezi michache baadaye. Dresa aliandika kwamba wenyeji ni wazembe. Hesabu ya mashua haikumo kwenye daftari lake. Ilipokuja penisilini ya mafuta miaka ya 1950, vitengo milioni 1.2 mara moja kwa mtu mzima, "uzembe" uliisha siku ile ile.

Kwa sindano zenyewe: zilikuwa za chuma, zikichemshwa na kutumiwa tena na tena, zikinolewa kwenye jiwe. Ikiota ndoana nchani humchana mgonjwa ikitoka. Na foleni ikiwa ndefu, kuchemsha ndiko kulikofupishwa.

Bint_Langoni

Na mumiani? Maana watu walikimbia hospitali kwa uvumi huo wa kunyonywa damu.

Chupa_na_Sindano

Dada, uvumi ule una mzizi. Mumiani mwanzo ni dawa nyeusi kama lami iliyouzwa madukani, ikitoka Uajemi na India, na watu wakaamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Basi neno lilikuwepo kabla ya hospitali.

Sasa chukua kipimo cha matende. Vidudu vyake hujificha mchana na hujaa kwenye damu ya nje usiku, kama saa nne hadi saa nane. Ukipima mchana huoni kitu. Kwa hiyo mpimaji hana budi kuja usiku, na taa, na sindano, na vioo, kutoa damu kwa watu waliolala, bila kuwapa dawa yoyote. Ungekuwa wewe ungefungua mlango?

Kilichofanya kazi vizuri dhidi ya matende hakikuhitaji damu. Mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyotulia: mabirika, vyoo vya shimo. Watu wa Lamu walikuwa na desturi ya kuweka samaki wadogo ndani ya birika la msikiti na la nyumbani, ili wapate kula viluwiluwi vya mbu. Birika likioshwa na samaki wasirudishwe, wiki mbili zinatosha mbu kuruka.

Karani_wa_Nyaraka

Kwa wanaotaka kufuatilia: taarifa za mwaka za wilaya na taarifa za makabidhiano kati ya maafisa ziko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Nairobi. Zisomeni kwa tahadhari tatu.

Tahadhari ya kwanza ni tofauti ya "wagonjwa wapya" na "mahudhurio". Mtu mmoja wa buba aliyetiwa sindano sita ni mgonjwa mmoja, mahudhurio sita. Afisa aliyetaka kusifiwa alinukuu mahudhurio. Nimeona makala za siku hizi zikiyachukua kama idadi ya watu.

Ya pili ni vifo. Kiwango cha vifo wodini huonekana kidogo. Mpwani akiona mgonjwa wake anakata tamaa humchukua kwao, afe akielekezwa kibla, atamkiwe shahada, aoshwe na watu wake, azikwe siku ile ile. Daftari huandika "ameondoka kwa kutaka mwenyewe". Hicho ni kifo ambacho hospitali haikukihesabu. Ukiona safu hiyo ni kubwa kuliko ya vifo, jua unasoma nini.

Ya tatu ni chakula. Posho ilipangwa kwa rangi, na fungu la wenyeji lilikuwa dogo. Fungu la chakula likionekana kutotumika lote, usidhani wagonjwa walifunga. Walikula vyungu vya nyumbani.

Daka_la_Mkomani (Lamu)

Allah akulipe. Hiyo ya pili imenifungua macho. Sasa, ukitaka upande wa pili wa daftari, yaani kile mji ulichotoa, utatafuta wapi?

Mutawali_wa_Shela

Hati za wakfu zilizosajiliwa, majalada ya kadhi, na madaftari ya misikiti pale yaliposalimika na mchwa. Tafuteni hasa fungu la sanda. Maiti wa kiume nguo tatu, wa kike tano, pamoja na pamba, karafuumaiti na ubani. Maskini aliyefia wodini bila jamaa alihitaji vyote hivyo siku ile ile, na duka halikukopesha maiti. Kwa hiyo msimamizi alinunua jora zima mapema akaliweka, akiandika kila lilipokatwa: tarehe, nguo ngapi, na mara nyingi neno moja tu la alikotoka marehemu. Palipoandikwa "sipitali", ndipo pa kuanzia kuhesabu.